Rimu za aloi zilizoliwa na chumvi: rangi ndiyo kazi ya mwisho

SWALI: Shikamoo mzee. Nina Toyota Noah ya mtumba kutoka Japani, nipo nayo mwaka wa tatu. Nakaa Sahare hapa Tanga, na kazi yangu ni kuchukua samaki soko la Deep Sea alfajiri na kuwapeleka Muheza na Korogwe. Rimu zake ni za spoti, uso wake ulikuwa unang'aa kama kioo. Sasa kliya, ile rangi angavu ya juu, imebanduka kama ngozi iliyoungua jua, chini yake kuna michirizi myeupe kama njia za minyoo, na kwenye nati kuna unga mweupe. Kijana anayeosha magari alizipaka dawa ya choo, zikang'aa siku mbili, kisha zikawa mbaya kuliko mwanzo. Halafu tairi la nyuma kushoto naliongeza upepo kila baada ya siku nne na fundi pancha haoni tundu. Nizipige rangi, nizisugue zibaki chuma kitupu, au nitafute nyingine?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeuliza habari ya rangi, lakini mimi macho yangu yamebaki kwenye hilo tairi la nyuma kushoto. Rimu chakavu ni aibu ya mbele za watu tu. Tairi linalopungua upepo huku umejaza samaki na unaliwahi soko la Korogwe ni jambo jingine kabisa, basi tuanze hapo.

Tairi lako halina mpira wa ndani. Upepo wote umeshikwa na mdomo wa tairi unaobana kwenye ukingo wa rimu. Alumini ikiliwa, unga mweupe unaobaki huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo hutuna, ukausukuma mdomo wa tairi, na upepo ukapata njia nyembamba kama uzi. Fundi pancha wako anatafuta msumari, ndiyo maana haoni kitu. Mwambie alilaze tairi chini, amwage maji ya sabuni kuzunguka mdomo wote, kisha akae atulie. Povu la namna hii halichemki. Linaota polepole, vipovu vidogo vidogo kama mate ya kaa. Ageuze na upande wa ndani, ambao huliwa zaidi kwa kuwa hakuna mtu anayeuosha, na amalizie kwenye shina la valvu.

Povu likitoka mdomoni, dawa ipo na nitakupa. Likitoka kwenye ukuta wa ndani wa rimu, mbali na mdomo, huo ni ufa, na mara nyingi mama yake ni shimo la barabarani. Hapo usitafute fundi rangi wala fundi wa kuchomea. Rimu nyingi za aloi ni alumini iliyochanganywa na silikoni kama asilimia 7 na magnesi kidogo, na nguvu yake inatoka jikoni: kiwandani huchomwa karibu nyuzi 540, hupozwa ghafla, kisha huokwa tena kwa saa kadhaa kwenye nyuzi 150 hadi 180 hivi. Moto wa gesi unayafuta mapishi hayo na sura inabaki ileile. Wapo wanaochomea na wanaokunja rimu kwa moto, na wateja wanashukuru. Mimi gari lenye rimu ya hivyo silipandi. Kwa sababu hiyohiyo usikubali mtu akuwekee rimu juu ya jiko la mkaa ili rangi ibanduke haraka.

Sasa tuje kwenye hiyo michirizi. Watu husema alumini haishiki kutu. Inashika, ila kutu yake ya kwanza ndiyo ngao yake: ikikutana na hewa tu inajivika utando mwembamba mno usioonekana kwa jicho, na utando huo unazuia mengine, mradi maji yanayoigusa yasiwe na asidi kali wala magadi makali. Adui wake ni chumvi. Chumvi haiuli utando mzima, inatoboa penye udhaifu na kuchimba vishimo. Rimu za uso unaong'aa kama zako zina kasoro ya kuzaliwa, nasema hivyo ingawa wengi wanazipenda. Uso wake umekatwa kwa mashine na kliya ikapakwa moja kwa moja juu ya alumini tupu, bila praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikia, wala rangi nyingine katikati. Kokoto moja ya barabara ya Pangani ikiichubua, au spana ya nati ikiteleza, maji ya chumvi yameshaingia chini ya kliya.

Yakishaingia hutembea. Kila mchirizi una kichwa na mkia. Kichwani pana tone la maji ya chumvi yaliyogeuka asidi, hewa ikiwa haba, na hapo ndipo chuma kinapoliwa. Mkia ni unga mkavu mweupe, na kupitia humo hewa na unyevu huendelea kuingia. Ndiyo maana ugonjwa unaendelea hata gari likilala bandani wiki nzima: unyevu wa hewa ya Sahare peke yake unautosha. Chukua kioo cha kukuzia utazame, utaona michirizi hiyo ni nadra kukatizana. Mmoja ukikaribia njia ya mwenzake hugeuka. Mimi nimefanya kazi hii muda mrefu na bado huwa nasimama kuitazama.

Unga wa kwenye nati ni habari nyingine kidogo. Nati ni chuma, rimu ni alumini, na maji ya chumvi yakikaa kati yao panakuwa kama betri ndogo, na katika betri hiyo anayeliwa ni alumini. Ni vivyo hivyo kwa zile risasi za belensi (vizito vya kusawazisha gurudumu) zinazobanwa ukingoni kwa klipu ya chuma, na kwa unga wa breki wenye chembe za chuma unaogandia usoni. Tena huenda gari lako lilikuja na ugonjwa tangu huko. Magari yaliyotembea mikoa ya theluji kama Hokkaido hukanyaga barabara zilizomwagiwa chumvi ya kuyeyushia barafu, kliya inaficha, na mnunuzi wa huku anaona mng'ao tu.

Kuhusu dawa ya choo, yule kijana hakukukusudia ubaya, ila alikumwagia moto. Dawa nyingi za choo zina asidi ya haidrokloriki. Inauvua ule utando, chuma kinang'aa siku mbili, lakini asidi yenyewe ina kloraidi, kitu kilekile kilichomo kwenye chumvi ya bahari. Yaani aliosha chumvi kwa chumvi. Maji ya betri usiyajaribu, na kostiki soda ndiyo kabisa: inaila alumini yenyewe mpaka inatoa gesi. Dawa za rimu zenye asidi ya haidrofloriki nazo ziache hata kama muuzaji anazisifu. Hiyo hupenya ngozi, na maumivu yanaweza kuchelewa mpaka imeshafika ndani.

Umenipa njia tatu. Kuzisugua zibaki chuma kitupu kunapendeza, lakini chuma kitupu karibu na bahari kinataka waksi kila wiki au mbili na mkono usiochoka. Mtu anayeamka saa tisa usiku kuwahi samaki hana mkono huo. Kukata uso upya kwa mashine ndiyo sikushauri kabisa: kila mkato unapunguza chuma, na kliya mpya inakaa tena juu ya alumini tupu, umerudi palepale ulipotoka. Kutafuta nyingine ni sawa kama hizi zina ufa. Ukienda huko zigeuze nyuma utafute alama za JWL na VIA, ambazo ni za viwango na ukaguzi wa Japani, uzizungushe kwenye mashine ya belensi kuona kama zimepinda, na uhakikishe vipimo na matundu ya nati ni yaleyale. Ila jua kwamba rimu ya mtumba inayong'aa chini ya kliya inaweza kuwa na minyoo ileile, imechelewa kutokea tu.

Kwa hiyo kwako wewe nasema zipige rangi ya fedha ya kawaida, rimu nzima, uso na tumbo, uusahau ule uso wa kioo. Ukipata karakana yenye tanuri la kuokea rangi ya unga, lile linalofika nyuzi 180 hadi 200 kwa dakika kumi hadi ishirini na lina kipimajoto kinachofanya kazi, hiyo ni bora zaidi kwa gari la kazi. Lakini hata huko, maandalizi ni haya ninayokueleza. Akikwambia anapuliza leo leo juu ya zilivyo, rudi na rimu zako.

Tairi litoke kabisa. Kuziba tairi kwa magazeti na kupuliza juu juu ni kujipamba. Kwanza osha mafuta na unga wa breki kwa sabuni ya vyombo na brashi kabla msasa haujagusa, maana ukisaga kwenye grisi unaisindilia ndani ya mikwaruzo. Kisha kliya yote itoke, hata ile inayoonekana nzima. Hapa ndipo mafundi wengi tunapoharibu: tunasaga pale palipobanduka, tunalainisha ukingo, tunapuliza. Kichwa cha mchirizi kiko mbele ya unga unaouona, chini ya kliya nzima. Tumia dawa ya kutolea rangi ukiwa nje penye hewa na glavu mkononi, au msasa namba 120 kwenye majeraha, 180, kisha umalizie 320. Msasa uliosaga chuma cha bodi usiulete kwenye alumini, na brashi ya waya wa chuma cha kawaida iache pia. Vinaacha chembe za chuma ndani ya alumini, na betri zile ndogo zinaanza upya chini ya rangi yako.

Ukimaliza kusaga utaona vitobo vyeusi au vyeupe vimebaki. Ndani ya vitobo hivyo kuna chumvi. Ukiipiga rangi, chumvi inavuta unyevu kupitia rangi, inatengeneza lengelenge, na miezi michache baadaye mchezo umeanza tena. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, kuitoa chumvi. Rangi haihitaji ujuzi mkubwa kama huo. Chemsha maji, mwagia, sugua vitobo kwa mswaki wa nailoni, suuza, rudia mara tatu au nne. Na maji yawe ya bomba, yale yanayotoka bwawa la Mabayani, au ya mvua uliyokinga mwenyewe. Visima vingi vya karibu na pwani vina maji ya chumvichumvi, ukisuuzia hayo umejirudisha nyuma. Kausha kwa upepo wa kompresa au jua, kisha zilaze ndani usiku mmoja. Asubuhi washa tochi ya simu, angalia kila kitobo. Ukiona unga mweupe umechanua upya kama ukungu wa mkate, chumvi bado ipo: saga tena, osha tena. Nimepata rimu zilizonigomea mara tatu. Zikilala na kuamka safi, pitisha msasa mpya, osha, kausha, na siku hiyohiyo praima ipande. Usizilaze tena zikiwa tupu.

Kabla ya praima kuna kipimo kisicho na gharama. Mwagia rimu maji safi. Yakitandaa usoni kama shuka, hakuna mafuta. Yakijikusanya matone kama kwenye jani la gimbi, bado pana mafuta, hata ya vidole vyako, rudi kwenye sabuni.

Nikusimulie aibu yangu. Miaka ya nyuma mteja alinibana, anaoa, anataka gari lake liwe tayari Ijumaa, na ilikuwa masika. Nilimaliza kusaga Alhamisi mchana, mvua ikanyesha, nikapuliza kliya jioni mvua ilipokatika. Ilikauka na weupe kama maziwa yaliyomwagika. Thina ikiruka haraka inapoza uso wa rangi, na hewa ikiwa na unyevu mwingi umande unatua juu ya rangi mbichi, unafungiwa humo. Nilisaga usiku nikapuliza tena, harusi ikapita salama. Kabla mwaka haujaisha rimu zote nne zilikuwa na malengelenge, kwa kuwa ile hatua ya kulaza na kukagua niliiruka. Nilizirudia bure. Tangu hapo wa Ijumaa namwambia aje Jumanne.

Kwa hiyo puliza kuanzia saa nne asubuhi, umande ukiwa umekwisha na chuma kimepata joto, na uwe umemaliza saa saba, kabla upepo wa bahari haujashika kasi na kuleta vumbi na chumvi yake. Siku ya mawingu mazito acha, kazi haiozi.

Praima iwe epoksi ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha), moja kwa moja juu ya alumini. Wako wanaoipenda ile praima nyembamba yenye asidi. Ni nzuri, ila usiweke puti (ile ya kujazia vishimo) juu yake, wala usiifunike kwa epoksi kama aliyeitengeneza hajaruhusu. Chagua njia moja uifuate. Vishimo jaza kwa puti kidogo juu ya epoksi iliyokauka na kukwaruzwa, saga 320, piga praima ya kujazia, saga kwa maji namba 600 hadi 800, kisha fedha mikono (yaani tabaka) miwili au mitatu myepesi, na kliya ya hadina mikono miwili. Ile kliya ya kopo la kubonyeza isiyo na hadina ni rahisi, lakini tone la petroli linailainisha. Kwa gari lako ni pesa iliyotupwa.

Hadina hiyo ina isosianati, kemikali inayodhuru mapafu. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Tafuta ile ya vichujio vya mkaa kwa ajili ya rangi, vipya, na upulize mahali penye hewa. Wapo mafundi wenzangu wanaokohoa mpaka leo, na pumu ya namna hiyo ikikushika, mpulizo mdogo tu baadaye unatosha kukulaza.

Sehemu tatu zisipate rangi nene: kiti cha nati, uso wa nyuma unaokaa kwenye habu (kitovu ambacho rimu inafungwa), na kingo ambako mdomo wa tairi unabana. Rangi ikibanwa na nati hukandamizika, na nati zinalegea ukiwa njiani. Mimi huziba viti vya nati kwa gololi kubwa za watoto, zinakaa barabara. Kwenye kingo, na hii ndiyo dawa ya lile tairi lako, saga mpaka unga wote uishe na kidole kisikwaruzwe, osha chumvi kama nilivyosema, piga praima ya epoksi mkono mmoja mwembamba, ikauke, na siku ya kuvalisha tairi fundi apake ile gundi nyeusi ya kuzibia mdomo. Badilisha na valvu kabisa. Ni kitu kidogo, na tairi limeshatoka.

Ziache angalau siku moja nzima kabla ya kuvalisha matairi, zikipata siku nne tano ni vizuri zaidi. Mwenye mashine avishe plastiki kwenye meno yanayoshika rimu, na belensi iwe ya kubandika kwa ndani, hizi za klipu zikatae. Habu isugue kutu, paka grisi kidogo sana kwenye ile duara ya katikati ili rimu isigande, lakini kwenye nyuzi za bolti usipake kitu. Nati za Toyota yako zinakazwa niutoni-mita 103 kwa spana ya kipimo, kwa kurukaruka kama nyota, na ukirudi safari ya kwanza ya Korogwe zikaze tena.

Baada ya hapo kila ukitoka Deep Sea zimwagie maji ya bomba, ndoo moja inatosha, hata sabuni si lazima. Na sasa nikuulize mimi: boksi la samaki na barafu unaliweka upande gani wa gari? Naona kama ni kushoto nyuma, na maji yake yanapenya kwenye sakafu na kudondokea tairi hilohilo tangu Tanga hadi Muheza. Kama ndivyo, tafuta bomba la mpira na dumu, uyakinge yote ndani, ukayamwage ukifika. Na ukiwa na jeki mkononi, inua kapeti utazame bodi upande huo.